Kanda za Nyanya na Vijana wa Korea

Msomaji mpendwa, mwamshe usingizini mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu hapa kwetu, umwulize majina ya vijana saba wa kundi la BTS. Atakutajia wote kabla hajafikicha macho, na akimaliza atakueleza nani mkubwa kwa nani. Kisha mwulize Matano Juma ni nani. Atakwambia ni dereva wa matatu ya Ukunda.

Sisemi haya kwa kumcheka mtu. Mimi mwenyewe ni shabiki wa Korea, na kurasa za nyuma za daftari langu la Hisabati ni ushahidi tosha. Ila ninachokipenda zaidi kwa vijana wale si zile nyimbo zinazopigwa ndani ya matatu za Likoni mpaka vioo vikatetemeka. Napenda zile za pembeni. Kundi lao lilianza mwaka 2013, na kundi lina kampuni, na kampuni nayo ina mipango yake: wimbo uwe hivi, mavazi yawe hivi, miguu irushwe hivi. Basi mwaka 2015 kiongozi wao, RM, akatoa mkusanyiko wa nyimbo zake peke yake, bure bilashi, usiohesabiwa kuwa albamu rasmi. Mwaka uliofuata Suga naye akatoa wake kwa jina jingine kabisa, Agust D, ambalo ukilisoma kinyumenyume utaliona jina la Suga limejificha humo. J-Hope akafuata Machi 2018, na RM akarudi tena Oktoba mwaka huohuo. Humo ndimo walimosema ya moyoni, hofu na hasira na upweke, mambo ambayo jukwaani huyafunika kwa tabasamu na taa za rangi.

Si hayo tu. Watu hawa hujaribu vitu. Katika wimbo wao "Idol" wa mwaka 2018 utasikia mdundo wa gqom uliotoka Durban, Afrika Kusini, ukakutana na ngoma za Kikorea. Naye Agust D mwaka 2020 aliuchukua muziki wa kale wa misafara ya wafalme wao, wenye tarumbeta na matoazi, akaufokea juu yake kama kijana wa leo. Wimbo akaupa jina la muziki huohuo wa kale, "Daechwita". Mimi niliposikia nilisimamisha nywele.

Makusanyo hayo ya pembeni wenyewe huyaita miksitepu. Neno hilo lilinitoka siku moja mbele ya nyanya yangu, naye yuko barazani anapeta mchele.

"Tepu?" akauliza. "Tepu za kaseti?"

Nikamweleza kwamba siku hizi hazina kaseti wala ukanda, ni jina tu lililobaki. Nyanya akaucheka mchele wake.

"Basi jina wanalo wao," akasema, "tepu n'nazo mimi."

Kweli alikuwa nazo. Chini ya kitanda chake, hapa kwetu Mtongwe, lilikuwamo sanduku la bati ambalo miaka yote mimi nilidhani lina kanga za akiba. Tulilivuta pamoja. Kanda sitini na moja, nilizihesabu mara mbili. Nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya wino kwa herufi za Kiarabu, nyingine kwa herufi hizi zetu: "Harusi, usiku wa pili", "Kesha la Kibokoni", "Zein, udi mtupu". Hakuna hata moja yenye picha ya mwimbaji au jina la kampuni. Ama kwa hakika zilikuwa miksitepu kabla ya miksitepu.

Hapa yafaa nieleze kidogo, maana nilipowasimulia wenzangu darasani walidhani taarab ni ile tu ya redioni wakati wa kufuturu. Miaka ya 1960 na 1970 taarab ya Mombasa ilitolewa katika santuri. Alikuwapo mfanyabiashara Assanand, ambaye chapa yake ya Mzuri iliwarekodi waimbaji wengi wa hapa. Lakini santuri ndogo ina upande mmoja wa dakika tatu na ushei. Sasa mwambie mwimbaji wa Kimvita, mwenye shairi la beti kumi na udi unaotaka kutangulia kwanza kabla yeye hajafungua kinywa, alimalize kwa dakika tatu! Wimbo ulikatwa kama samaki wa kupakia ndani ya mkebe. Wimbo wenyewe, mzima na kichwa chake na mkia wake, uliimbwa harusini, usiku, mbele ya watu waliokuwa wakitunza na kuomba ubeti urudiwe.

Kaseti ilipoingia mambo yakageuka. Philips waliitoa mwaka 1963, na ilipofika mikononi mwa watu huku kwetu, upande mmoja ulikuwa na nusu saa, na ile ndefu dakika arubaini na tano. Nyanya asema palikuwa na harusi ambazo redio-kaseti zilipangwa mbele ya spika kama viatu mlangoni mwa msikiti. Maduka nayo yakaingia kazini. Lililotajika zaidi ni Mbwana Radio Service la Mji wa Kale. Ulikwenda pale, ukasema wataka harusi fulani au mwimbaji fulani, ukatolewa nakala yako. Hapo rasmi ni ipi na ya pembeni ni ipi? Wenye mji walikuwa wakizitafuta hizo za pembeni! Hata kampuni ya London, GlobeStyle, ilipotoa albamu ya Maulidi Juma na Musical Party mwaka 1990, iliiita Mombasa Wedding Special, yaani harusi iko palepale kwenye jina. Baadaye kampuni ya Ufaransa ikatoa mkusanyiko mzima wa taarab ya Mombasa ya kuanzia 1965 hadi 1975. Nilipoliona hilo kwenye intaneti niliona ajabu: wa Paris anamjua Matano Juma, na wa Mtongwe hamjui.

Basi tukaanza kusikiliza. Faida ya shule ya kutwa ni hiyo, wenzetu wa bweni jioni wana kengele na maharagwe, mimi nina nyanya. Redio-kaseti yake ilikuwa imekatika mpira wa ndani, nikavuka feri kwenda kwa fundi mmoja Mwembe Tayari. Alinitazama kama niliyemletea jahazi alitie injini, lakini alitengeneza. Binamu yangu akanipa waya wa kutoka tundu la vipokea sauti hadi kwenye kompyuta yake, na programu ya kurekodi. Ukanda wa dakika tisini huchukua dakika tisini, hakuna njia ya mkato. Ndiyo maana nilizisikia zote mpaka vikohozi.

Matano Juma na kundi lake la Morning Star ndio walionivunja mbavu kwa furaha. Huyu ndiye niliyesema mnamdhania dereva. Kinanda chake cha umeme kinalia kama king'ora kilichofundishwa adabu, na gita la besi linatembea chini yake. Nyanya anasema wazee wengine walinung'unika kwamba hiyo si taarab, vijana wakanyanyuka kucheza. Zuhura Swaleh naye ana taishokoto. Msomaji, hii ni ala ndogo ya nyuzi yenye vibonyezo kama vya taipureta, iliundwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na mtu aitwaye Morita Goro. Ilipitia India, ikashuka huku kwetu, ikatiwa umeme, ikapigwa juu ya mdundo wa chakacha. Wanafunzi wenzangu hujiona wa kwanza Mombasa kupenda sauti za Mashariki ya Mbali. Nyanya zetu walizichezea miaka ya 1970, na viuno vilikatika.

Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa na jaribio jingine. Alizichukua sauti za filamu za Kihindi akazivisha mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa yametungwa na binamu yake Ahmad Nassir, yuleyule wa Malenga wa Mvita ambaye walimu wetu humtaja tunapofundishwa vina na mizani. Mimi ushairi wa darasani ulikuwa unanipa usingizi, nisamehewe na walimu wanaosoma hapa. Lakini nilipousikia shairi ukiimbwa, na watu wakipiga ukelele kila kina kinapokaa mahali pake, nilijua mizani ni ya nini. Ni ya kumwezesha mwimbaji avute pumzi.

Na ule ulioandikwa "Zein, udi mtupu"? Huo niliusikiliza mara tatu. Zein l'Abdin alizaliwa Lamu akaishi Mombasa, akafariki mwaka 2016, na udi wake ulijulikana mpaka ng'ambo. Katika nyimbo zake za santuri huwa na kundi nyuma yake. Katika ukanda huu hana kinanda wala fidla. Ni udi, na mtu mmoja anagonga kitu, pengine dumbaki, pengine meza. Anaanza, anaacha, anakaza uzi mmoja, anaanza tena. Mtu anaagiza kahawa. Halafu anaimba, na yule wa kahawa hasikiki tena. Santuri haiwezi kukupa hilo, kwa sababu studioni hakuna mtu wa kunyamaza.

Sasa nifike kwenye shida.

Nyumbani anaishi ami yangu, mdogo wa baba, afanyaye kazi bandarini. Ni mtu mwema na ada zangu za shule hulipa yeye, lakini alilitaka lile sanduku atie vyombo vyake vya kazi. Tena mvua za Aprili zilikuwa zimelipata paa upande wa chumba cha nyanya, na kanda za chini zilishaanza kuota ukungu mweupe.

"Mama, taka hizi zafanya nini ndani ya nyumba?" akasema. "Zafuga mende. Na tena ni muziki, wewe mtu wa umri wako."

Nyanya hakumjibu. Aliniambia, "Weka ule wa harusi ya dada yake babu yako." Nikaweka. Katikati ya wimbo, sauti ya mwanamume ikapaza kutangaza nani katunza shilingi ngapi, kwa utani mwingi, akimtania bwana mmoja bahili mpaka ua mzima ukaangua kicheko. Ni babu. Alifariki ami akiwa darasa la tatu. Ami alisimama mlangoni na viatu vyake vya kazi miguuni mpaka upande ukaisha wenyewe, kaseti ikaruka "taka!" Hakusema kitu. Kesho yake alinunua sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na vyombo vyake bado viko ndani ya gunia.

Mtasema basi mambo yameisha vyema. La hasha. Uko ukanda mmoja usio na maandishi ila tone la rangi nyekundu ya kucha. Nyanya hakuwa nyumbani nilipouweka. Zikaanza pembe, zile pembe za vugo zinazogongwa kwa vijiti, na wanawake wengi wakijibu kwa pamoja. Kisha mmoja akatoka peke yake. Sauti nyembamba, kavu kidogo, yenye kiburi. Anatunga palepale, anawapaka wakwe kwa mafumbo, kila fumbo kali kuliko lililotangulia, na wenzake wanapiga vigelegele. Kwenye ubeti wa nne akacheka kidogo kabla ya kumaliza neno, na kicheko hicho nakijua. Nimekulia ndani yake.

Jioni nikamwuliza. Nyanya, ambaye miaka yote alituambia hajui kuimba hata kumbembeleza mtoto! Aliutoa ukanda ndani ya redio akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

"Huno si wa watu," akasema.

Nikamwambia ni mzuri kuliko zote, nikamwambia kwamba hata vijana wa Korea wangekaa kitako wamsikilize. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga mlango. Siku ile walikuwa uani, wanawake watupu, ukuta umezunguka. Kila mmoja alimjua aliyekaa kando yake. Waliimba walivyoimba kwa sababu walijua nani anasikia. Ule ukanda aliurekodi shoga yake kwa kujificha redio chini ya leso, na alipogundua alimnunia mwezi mzima, kisha akaomba apewe yeye ili usizagae. Wengine waliomo ni marehemu. Wengine wana watoto ambao leo ni wazee wa heshima. "Wao hawakuniambia niwatoe uani," alisema, "na mimi sikujitoa."

Shuleni habari zikafika kabla yangu. Mnajua kwamba tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na chama chetu huwa na maonyesho. Wenzangu wakataka ule ukanda upigwe ukumbini. Rafiki yangu mmoja, ambaye jina lake atalijua mwenyewe akisoma hapa, aliniambia mimi ni mchoyo wa urithi. "Utaoza kama zile zenye ukungu," akasema, "halafu hakuna atakayejua kwamba kina mama wa Likoni walikuwa hodari hivyo." Neno lake lilinichoma kwa sababu lina ukweli. Kama watu wangengoja ruhusa, zile kanda za Zein na Juma Bhalo zisingekuwamo ndani ya sanduku. Tena hao waimbaji wenyewe walipata hasara: kaseti ikinunuliwa moja, ikanakiliwa mitaa mizima, mwimbaji haoni senti. Sisi tunaofurahia leo tunakula jasho lao, tusidanganyane.

Hata hivyo nilimjibu rafiki yangu kwa kumtumia vijana wake mwenyewe. RM aliimba peke yake na kutoa peke yake. Alisimama mlangoni akasema ingieni. Lakini kila mara huvuja nyimbo ambazo mwimbaji hakuzimaliza au alizifungia, na mashabiki huzigombea kama karanga za bure. Hizo mimi sizisikilizi. Ni sawa na kusoma barua iliyodondoka mfukoni mwa mtu. Zein alijua redio zimepangwa mbele yake, aliziona. Nyanya hakuiona ile ya chini ya leso. Kwangu mimi tofauti iko hapo, na kama wewe msomaji waiona mahali pengine, njoo tubishane wakati wa mapumziko, nakaa chini ya mwarobaini.

Mwalimu mlezi wa chama alinisikiliza, akasema basi andika. Ndiyo haya.

Siku ya maonyesho tulipiga Matano Juma. Kidato cha kwanza walicheza mpaka viti vikasukumwa ukutani, na mwalimu mmoja wa Kemia, ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu, aliujua wimbo mzima.

Hesabu ya sanduku hadi ninapoandika ni hii: kanda arubaini na nne zimeshanakiliwa, tisa zimeliwa na ukungu na hazitoi ila mvumo kama wa bahari, saba zinangoja nimalize mitihani. Mmoja una tone jekundu. Juu ya huo nyanya amenipa ruhusa ya nakala moja tu, niifanye mimi mwenyewe nikiwa nimefunga mlango, isiende kwenye simu, na ipigwe mara moja, uani, siku ya harusi yangu, wanaume wakiwa nje. Nilimwambia harusi yangu ni baada ya chuo kikuu, tena nikipenda.

"Basi itunze na hiyo redio," akasema, akarudi kwenye mchele wake.